Chumba cha Vitanda Sita

Akina mama wenzangu, mimi ni mkulima wa Ilemba, katika bonde la Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Tunalima mpunga na ufuta. Kwetu mtu husafiri kwa sababu: msiba, hospitali, shule au harusi. Familia nzima kufunga mizigo kwenda kutembea tu, tulizoea kuona hilo ni jambo la watu wenye mishahara.

Ndiyo maana mwaka 2024, baba watoto aliposema kwamba sehemu ya pesa ya ufuta itatupeleka sote sita Dar es Salaam kwa mdogo wake, nilikasirika. Mimi nilikuwa nikihesabu mabati ya jikoni. Nikamwuliza, "Baba, mvua ikinyesha tutajifunika tiketi?" Akanijibu kwa upole, "Mama, Januari huyu mkubwa anakwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Lini tena tutakaa sote pamoja?"

Nilinyamaza. Maneno yale yalinichoma kwa sababu ambayo yeye hakuijua.

Mwezi wa sita mwaka ule nilipoteza shilingi 40,000 za kikundi chetu cha akina mama. Mimi ndiye mtunza fedha. Siku hiyo binti yetu mkubwa alikuwa peke yake nyumbani, basi sikuuliza mara mbili. Nilimwita mwizi mbele ya wadogo zake, nikamchapa. Alilia akisema hakuzichukua, nami nikamwambia anaongeza uongo juu ya wizi. Baada ya wiki mbili nilifungua daftari la kikundi, nikazikuta katikati ya kurasa, mahali nilipoziweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Je, nilifanya nini? Nilikwenda mnadani nikamnunulia viatu vipya vya wazi. Nikamkabidhi bila neno. Nilijiambia kwamba mzazi hamwombi mtoto radhi, ataelewa mwenyewe. Alisema, "Asante, mama," akaviweka chini ya kitanda. Hakuvivaa hata siku moja. Tangu hapo alinijibu kila nilichomwuliza, wala hakunikosea adabu, lakini hakunisimulia tena jambo lolote. Jioni tuliposali pamoja, tukifika mahali pa kusameheana makosa, sauti yangu ilikuwa inapungua yenyewe.

Desemba tukaondoka. Nilipika wali, nikakaanga samaki wa Ziwa Rukwa, nikafunga karanga. Gari lilitupitisha Mtowisa na Muze, likapanda milima hadi juu Ufipa. Watoto wangu waliozoea joto la bondeni walitetemeka Sumbawanga kama vifaranga walionyeshewa. Kesho yake tulipanda basi, tukapita Laela na Tunduma hadi Mbeya, kwenye stesheni ya TAZARA. Nikatazama miguu ya binti yangu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya zamani, mkanda umefungwa kwa waya.

Hapa niwape akina mama ushauri wa manufaa. Katika treni ile wanawake na wanaume hulala vyumba tofauti, isipokuwa familia ikilipia chumba kizima. Daraja la pili chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande. Sisi tulikuwa sita kamili. Tulifunga mlango tukawa kama nyumbani, ila nyumba yenyewe inatembea.

Baba watoto aliwasimulia watoto habari za reli ile: kwamba ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kwamba Watanzania, Wazambia na Wachina waliijenga kati ya mwaka 1970 na 1975, wakipasua milima. Wadogo walitaka kuiona hiyo milima iliyopasuliwa. Lakini tulipoiacha Makambako na kuanza kuteremkia Mlimba, giza lilikuwa limeingia. Sehemu hiyo ndiyo yenye mahandaki mengi. Treni ikiingia handakini, kishindo kinabadilika, hewa inakuwa nzito, na dirishani huoni hata nyota.

Kitinda mimba wetu aliamka akipiga kelele. Kabla sijajiinua, dada yake alikuwa ameshateremka kutoka kitanda cha juu. Akamchukua, akakaa miguuni pangu, akambembeleza mpaka akalala. Baadaye akataka kurudi juu. Nikamshika mkono.

Nilimwambia, "Mwanangu, zile pesa nilizipata. Zilikuwa ndani ya daftari. Nilikuita mwizi na hukuwa mwizi. Nilikupiga bure. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu, treni ikaingia handaki jingine ikatoka. Kisha akasema, "Mama, nilijua. Kikundi kilikutana na hakuna aliyekudai. Nilikuwa nasubiri useme."

Miezi sita mtoto alikuwa anasubiri! Nililia kwa sauti ya chini nisiwaamshe wengine. Naye akalia, akilalia bega langu. Juu yetu nikamsikia baba watoto anakohoa, nikajua hakuwa amelala. Asubuhi hakuuliza kitu. Alikwenda kwenye behewa la chakula akaleta chai, na kikombe cha kwanza akampa binti yake, akamwambia mbele ya wadogo zake wote, "Mama yako amesema ukweli, nami nasema: katika nyumba yangu hakuna mwizi." Nilifurahi kwamba wadogo zake walisikia, maana tusi lile walilisikia pia.

Asubuhi hiyo tulipita kwenye mbuga, watoto wakabanana dirishani kuwahesabu twiga. Mkubwa alinivuta nguo, "Mama, tazama kule!" Lilikuwa jambo dogo, lakini kwangu lilikuwa kubwa kuliko twiga.

Dar es Salaam tulitembea sana. Tulipanda mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, tukatazama vivuko vikienda Kigamboni. Siku moja tulipanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 14, 2024. Nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Inakwenda kilomita 160 kwa saa, tulivu, safi, chai haimwagiki. Wadogo hawakutaka kushuka. Mimi niliitazama milima ya Uluguru nikawaza kwamba treni ile ingetufikisha upesi mno. Kwa neno langu mimi, ulihitajika usiku mzima.

Januari binti yetu alikwenda shule. Nilipokuwa nampangia sanduku, niliona vile viatu juu ya nguo zake. Amevivaa kwa mara ya kwanza akitoka mlangoni kwetu.

Akina mama, mabati bado sijayanunua, na mvua zilipozidi nilipika nikiwa nimeinamisha kichwa. Sisemi kila mtu auze mazao apande treni. Nasema hivi: tunawadai watoto wetu waseme "nisamehe" kila siku, nao wanatutazama kama sisi tunalijua neno hilo. Kama liko deni la namna hiyo nyumbani kwako, usilipe kwa viatu. Mtoto anajua, na huenda anasubiri.