Kiu na Kipimo Chake

Wengi huniuliza, "Wawezaje kuishi kwa maji kidogo hivyo?" Figo zangu zimekoma kufanya kazi, nami husafishwa damu kwa mashine mara tatu kila juma, muda wa saa nne kila mara. Mashine ya namna hii aliiunda tabibu Willem Kolff wa Uholanzi wakati wa vita, mwaka 1943. Ni msaada mkubwa, lakini haifanyi kazi usiku na mchana kama figo. Maji ninywayo kati ya zamu na zamu hukaa mwilini. Lita 1 huonekana katika mizani kuwa kilo 1. Yakizidi, miguu huvimba, pumzi hubana, moyo huchoka.

Basi kila asubuhi mke wangu hujaza chupa kwa kiasi alichonipimia daktari. Nikinywa chai, uji au mchuzi, kiasi kile kile humwagwa katika chupa. Hivyo jioni sote twaona kilichobaki, wala hapana ugomvi.

Lakini aletaye kiu ni chumvi. Mtu alaye ng'onda kisha akajizuia asinywe, ashindana bure. Nyumbani kwetu chungu hutiwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu badala yake. Tena ile chumvi ya badala iuzwayo madukani hatuinunui, maana mara nyingi ni ya potasiamu. Potasiamu ikijaa katika damu yaweza kuusimamisha moyo ghafula, nayo imo kwa wingi katika ndizi, machungwa, maharage na madafu. Viazi twavikata vidogo, twavichemsha kwa maji mengi, na maji yale twayamwaga.

Lililo gumu zaidi ni ugeni. Shangazi yangu aliniangushia dafu. Nilipolikataa, machozi yalimlengalenga. Akasema, "Mwanangu, leo dafu langu limekuwa sumu?" Nikamjibu, "Shangazi, dafu ni jema. Figo ndizo zilizoshindwa kulipokea." Nikamweleza yote. Siku hizi yeye ndiye awakatazaye majirani wasinibembeleze.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mgonjwa akikataa kikombe chenu, msimdhanie kiburi. Ketini naye mzungumze. Naye mgonjwa asichukue kipimo changu. Na ashike kile alichopewa na daktari wake, maana miili haifanani.