Maoni Yangu Mara Mbili

Serikali imeniuliza maoni mara mbili kwa mambo mazito. Vikao vya balozi wa nyumba kumi sivihesabu; kule tulikwenda kuambiwa.

Mara ya kwanza ilikuwa 1991. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima na swali moja: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Nilikuwa na miaka 41. Nikasimama, nikasema chama kimoja kinatosha. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimeitikia “Zidumu fikra za Mwenyekiti” tangu ujana, na ukweli ni kwamba tulikuwa tunaitikia kabla hata hizo fikra hatujazisikia.

Matokeo yalipotoka, takriban asilimia 80 walikuwa wamesema kama mimi. Tume ikashauri kinyume chetu, na kufikia Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Nilikasirika sana. Kama mlishaamua, mlinisimamisha juani kwa nini? Leo nakubali kwamba Tume ilikuwa sahihi. Kama mtu mmoja kati ya watano alisema hadharani jambo ambalo sisi tuliona kulitamka ni mkosi, hao hawakuwa wachache. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameshasema mwaka 1990 kwamba kulijadili si uhaini, lakini sisi tulikuwa Wanyerere kuliko Nyerere.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Taarifa ya Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 kandamizi, ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Kijijini kwetu hakuna aliyeuliza ni zipi, wala mimi. Maoni kwetu yalikuwa kama kodi ya kichwa: ukishatoa, unarudi shambani.

Wajukuu wanasema tulikuwa waoga. Hapo nakataa. Aya ya 15 ya Mwongozo wa TANU wa 1971 ilipomkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau, wafanyakazi wa viwanda Dar es Salaam waliishika kama hati ya kiwanja. Waligoma wakiinukuu mbele ya mameneja. Baadhi walifukuzwa kazi kwa kuyaamini maandishi ya chama chao. Na wao ni kizazi changu. Sijui tuliwaacha njia panda ipi.

Mara ya pili ni Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa 2012 kukusanya maoni ya katiba mpya. Nilikuwa nimeshastaafu, na ulimi umelegea. Nikasema: mbunge akishapata kura haonekani tena, basi tupewe uwezo wa kumwondoa kabla ya miaka mitano kwisha. Watu wakapiga makofi. Rasimu ilipotoka, kifungu hicho kilikuwemo. Najua waliosema hivyo ni wengi mno, lakini siku ile nilitembea kijijini kama niliyekiandika kwa mkono wangu.

Mwaka 2014 rasimu ikaingia Bunge Maalum Dodoma, ambamo wabunge wote walikuwa wajumbe. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Kifungu changu kiling'olewa, pendekezo la Muungano wa serikali tatu nalo likang'olewa. Kura ya maoni ikapangwa kufanyika 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, nami nikakaa kuisubiri kama abiria aliyekaa stendi iliyohamishwa.

Mjukuu wangu wa kike hakuwa amezaliwa Nyalali alipopita. Amesoma, hana ajira, anauza vocha na kuku wa kienyeji. Siku moja nilikuwa namsimulia haya, nikitegemea anisifu. Akauliza, “Babu, baada ya hapo ulirudi kuwauliza?” Nikamwambia Dodoma ni mbali. Akasema, “Ofisi ya kijiji je?”

Sheria ya mwaka 1982 inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndiyo mamlaka ya juu kabisa ya kijiji. Sisi hatuufahamu, kwa sababu kila tukidai hesabu tunaambiwa akidi haikutimia. Mjukuu wangu hakwenda kupiga kelele. Alikwenda kwa mtendaji kuomba muhtasari wa mikutano iliyopita. Mara ya kwanza kabati lilikuwa limefungwa. Ya pili ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti, naye amesafiri. Ya nne akabeba kigoda na kuku wake, akauzia mlangoni pa ofisi mpaka jioni. Mimi nilimwona anatuaibisha; nilipita barabara ya nyuma nisisalimiane naye.

Ya tano alipewa daftari akalisome pale pale barazani. Akanipigia simu nije na miwani.

Ulikuwa muhtasari wa mkutano wa kuidhinisha kukodisha ardhi ya malisho, ule ambao sisi wote tuliambiwa haukufanyika kwa kukosa akidi. Orodha ya waliohudhuria ilikuwa ndefu. Jina langu lilikuwa la saba, na mbele yake sahihi nzuri kuliko yangu.