Mfupa wa Ngamia na Barua za Bibi

Mwezi uliopita binti yangu alirejea nyumbani Mbagala na kitabu cha kuazima: kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Nilikichukua nikakifungia kabatini. Niliujua mwisho wake: mwaka 1866 alitoroka Unguja, mwaka uliofuata akabatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Nikasema, hilo si somo la binti wa Kiislamu.

Usiku nilikisoma mwenyewe. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, ambalo leo ni magofu kando ya bahari. Anasimulia kuwa mabinti walifundishwa kuisoma Qur'ani, lakini si kuandika. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Hapo nilimkumbuka bibi yangu, Allah amrehemu. Alihitimu Qur'ani angali mdogo, lakini kalamu hakuishika. Babu aliposafiri kutafuta riziki, mimi, mtoto wa darasa la nne, ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua zake. Siku moja alinyamaza katikati ya sentensi, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hilo liache. Si la mtoto." Babu alifia safarini. Neno lile hakulipata, nami sikulijua.

Wachimbaji wa mambo ya kale hufukua kuta na vigae, kama ilivyofanyika Kilwa Kisiwani. Lakini neno ambalo mwanamke hakuliandika halina pa kufukuliwa. Kasri la Mtoni limebomoka. Sauti za waliolala vyumbani mwake tunazisikia kwa sababu binti mmoja alijua kuandika, na mwaka 1886 akakichapisha kitabu chake.

Wala wazee wetu hawakuwa na hoja ya dini. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Bibi Shifaa bint Abdillah alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.).

Asubuhi nilifungua kabati nikamrudishia binti yangu kitabu, kwa sharti kwamba tukisome pamoja. Tulipofika Aden tulizungumza hadi adhana ya Isha. Sikumficha huzuni yangu, naye hakunificha maswali yake. Ndugu mzazi, kitabu nilichokifungia kabatini ndicho kilichonifungulia mazungumzo na mwanangu. Walhamdulillah.