Kijiji Tulichohama

Somo hili nimelibeba miaka mitatu bila kuliandika. Ni somo la sarufi, lakini lilinifikia kwa njia ya msiba, na ndiyo maana nimekawia.

Ninafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Bariadi. Kila mwaka, kidato cha tatu wanapofika kwenye vishazi rejeshi, mimi huandika ubaoni maneno haya: the village from which we moved. Chini yake huandika mwenzake: the village we moved from. Yote mawili yana maana moja. Katika la kwanza, kihusishi kimetangulia pamoja na kirejeshi chake. Katika la pili, kimeachwa mkiani peke yake kama ndama aliyesahauliwa malishoni. Huwasimulia wanafunzi kwamba mwaka 1672 mshairi John Dryden aliukosoa mtindo huo wa mkiani katika maandishi ya Ben Jonson, akakiri kuwa hata yeye aliwahi kuutumia. Mwaka 1684, alipoichapisha upya insha yake juu ya ushairi wa tamthilia, akavihamisha vihusishi vyake kutoka mikiani. Walimu wengi waliufuata ukali huo kwa karne kadhaa. Waingereza wenyewe, wakizungumza, hawakuuacha mtindo wao.

Mwaka ule mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, na kwa Kiswahili kihusishi hiki tunakiweka wapi?" Kabla sijajibu, mwenzake alikwisha kuandika daftarini na kusoma kwa sauti: "Kijiji ambacho tulihama kutoka." Darasa likacheka. Hawakuweza kusema kosa liko wapi, ila masikio yao yalilijua.

Nikawaeleza. Kiswahili hakimwachi kihusishi yatima mwishoni mwa sentensi. Kikiwa ni "na", hubebeshwa kirejeshi mgongoni: mtu niliyezungumza naye, jembe nililokuja nalo. Kikiwa ni cha mahali, kitenzi chenyewe hukimeza kwa po, ko na mo: nyumba nilimozaliwa, mji nilikotoka. Na mara nyingi hakuna kihusishi hata kimoja. Kazi yake yote hufanywa na mnyambuliko wa kutendea, ile i au e ndogo inayoingia kabla ya irabu ya mwisho: kisu nilichokatia nyama, kalamu ninayoandikia. Irabu hiyo moja ndiyo inayomtenga mtu niliyemwomba na mtu niliyemwombea. Kwa baadhi ya vitenzi hubeba na l yake, kama katika kukimbia na kukimbilia: adui niliyemkimbia, rafiki niliyemkimbilia. Anayeikosea amemfanya rafiki kuwa adui.

Ili kumalizia niligeuka na kuandika ubaoni:

kijiji tulichohama
kijiji tulichohamia

Nikasimama pale na chaki mkononi. Nadhani nilisimama muda mrefu, kwa kuwa kiranja alikuja kuniuliza kama naumwa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mshairi wa daftari. Hakuwahi kuchapisha kitu. Aliandika tenzi kwa kalamu ya wino wa bluu, vipande vya mizani nane, katika madaftari ya shule ambayo sisi watoto tulikuwa tumeyabakiza kurasa. Alipofariki, mwezi Machi, mvua ikinyesha, Mama alitoa chini ya godoro daftari moja na kutuonyesha ubeti ambao Baba alimwambia autunze:

Pumzi ikinihama
Nilazeni kwa salama
Kijiji tulichohama
Chini ya ule mkwaju

Ili uuelewe uzito wa ubeti huu, sharti ujue kwamba familia yetu ina mikwaju miwili. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipofika kwetu, Bariadi ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, wazazi wangu waliacha mji wa babu, uliokuwa peke yake katikati ya mashamba kama ilivyokuwa desturi ya Wasukuma, wakaenda kujenga kwenye mstari wa nyumba za kijiji kipya. Kule walikotoka palikuwa na mkwaju mkubwa ambao chini yake wamezikwa babu na bibi. Kule walikokwenda, Baba alipanda mwingine mwaka huohuo. Wengi walirudi kwenye mahame yao miaka iliyofuata. Sisi hatukurudi. Mji wa babu ukalimwa na watu wengine, na leo una familia yenye haki zake.

Kwa hiyo tulikuwa na maiti ndani ya nyumba, mvua nje, na swali moja: ni mkwaju upi? Baba mdogo alisema mambo ni wazi, kijiji tulichohama ni kule kwa wazee. Kaka yangu mkubwa akapinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kule kwa babu hapakuwa kijiji. Neno hilo lilikuja na Operesheni yenyewe. Tena njia ya kule ilikuwa imekatwa na mto, na kaburi lingechimbwa katika shamba la watu ambao hatujawaomba. Ndipo kaka akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mtu wa lugha. Je, mshairi hawezi kuwa amekusudia tulichohamia, akakata herufi kwa ajili ya mizani?"

Washairi wenzangu, mnajua jibu nililolitoa. Nilihesabu kwa vidole mbele ya watu wazima: ki-ji-ji-tu-li-cho-ha-ma, nane. Tulichohamia ingeleta tisa. Nikawaeleza maana ya inkisari, kwamba mshairi anaruhusiwa kufupisha neno ili mizani itimie, kama vile anavyoruhusiwa kulirefusha kwa mazida. Nilisema inawezekana. Baba mdogo alinitazama, akanyamaza, kwa kuwa hakuwa amesoma mambo hayo. Baba akazikwa kijijini, chini ya mkwaju alioupanda mwenyewe, mita chache kutoka barabarani. Kila mtu alisema mazishi yalikwenda vizuri.

Sasa narudi ubaoni. Nilipoyatazama yale maneno mawili, yamepangana moja juu ya jingine, niliona nilichokuwa nimekifanya. Inkisari hufupisha neno na kuiacha maana mahali pake. Mshairi akiandika "nendapo" badala ya "niendapo", msomaji anafika palepale. Lakini i ya kutendea si pambo la kupunguzwa. Ni kihusishi. Ukiiondoa katika tulichohamia, neno halifupiki. Linageuka na kutazama upande wa pili, kule ulikotoka. Hakuna kanuni ya arudhi inayompa mshairi ruhusa hiyo, na hata kama ingekuwapo, mshairi makini asingeitumia katika wosia.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama, nikaomba daftari. Nilisoma tenzi zote, kurasa kama sitini, nikitafuta mahali hata pamoja ambapo Baba aliila i hiyo. Sikupapata. Badala yake nikakuta, katika utenzi wa miaka mingi nyuma, kipande hiki: nyumba tuliyohamia. Kihesabu mwenyewe: nyu-mba-tu-li-yo-ha-mi-a. Nane kamili. Alilijua neno hilo, na alijua namna ya kulipatia nafasi. Angetaka kusema kijiji kipya, angeandika "kule tulikohamia", nane pia, na vina vyake vingekuwa ia, vina ambavyo kila anayeanza kutunga huvipata bila jasho, maana vitenzi vya kutendea vimejaa kila mahali. Aliviacha vina rahisi akachagua ma. Na si hivyo tu. Kitenzi hichohicho alikwisha kukitumia katika kipande cha kwanza, pumzi ikinihama. Pumzi inahama mwili. Watu walihama kijiji. Alikuwa akisema kwamba anataka kurudishwa mahali ambapo safari ilianzia. Nilikuwa nimeusoma ubeti ule mara kumi siku ya msiba, na sikuliona hilo.

Kuhusu hoja ya kaka juu ya neno kijiji, nayo ilipata jibu katika daftari lilelile: Baba aliita kijiji kila mahali penye watu, hata mji wa babu yake.

Nilimwambia Mama. Yeye hazungumzi Kiswahili kingi. Nilimweleza kwa Kisukuma, na hapo nikajikuta nasema maneno mawili ambayo yangetuokoa: kusama na kusamila. Kwetu, tofauti ya kuhama na kuhamia ni silabi nzima, il, ambayo ulimi hauwezi kuiruka bila mtu kusikia. Kama tungeujadili wosia ule kwa lugha ya nyumbani, hakuna ambaye angeshawishika. Tuliujadili kwa Kiswahili, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasema.

Mama alikaa kimya. Kisha akaniuliza, "Ulijua siku ile?"

Nilimjibu ukweli, nami naurudia hapa. Sikujua. Lakini niliona kwamba jibu langu lingetuokoa na mto, na matope, na aibu ya kuomba ardhi kwa watu, na nikalipenda kabla ya kulichunguza. Ujuzi wangu wa mizani ulikuja baadaye kulifunika.

"Basi nenda ukawaambie kule," alisema. Hakutaka kaburi lifukuliwe. Alitaka wale waliolala chini ya mkwaju wa zamani waambiwe kwamba mtoto wao alitaka kuja.

Nilikwenda mwezi Juni, wakati wa kuchuma pamba. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Nilivuka na viatu vyangu miguuni. Mkwaju wa babu upo, umezungukwa na shamba jeupe la pamba iliyopasuka, na makaburi mawili hayajaguswa na jembe. Wenye shamba huzunguka pembeni wanapolima. Nilimkuta mzee mmoja ameketi kivulini juu ya magunia. Nikamwamkia, nikataja jina la babu.

Alinitazama kwa muda. "Wewe ni wa wale waliohama hapa?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni wa wale waliohama."

Akasogea kidogo, akanipa nafasi juu ya gunia.