Tiketi Mbili za Saa Tisa

Mke wangu alijilaumu kwa kosa langu, nami nikamwacha ajilaumu. Hilo ndilo ninaloliungama, na nitalisema kama lilivyokuwa.

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, tulikwenda Dublin kuadhimisha miaka 20 ya ndoa. Mama Neema hagusi pombe. Ni mwalimu wa historia, na katika mji ule wote alikuwa na hamu na mahali pamoja tu: gereza la Kilmainham, lililofunguliwa mwaka 1796 na ambalo siku hizi ni makumbusho. Mimi nilizitaka baa. Tukakubaliana kwamba siku moja ingetutosha sote wawili.

Kule gerezani watu huingia kwa zamu, wakiwa na mwongozaji, na nafasi hujaa mapema. Kwa hiyo nilikata tiketi mbili mtandaoni, za saa tisa alasiri, bila kumwambia. Alipouliza habari ya gereza nilimjibu, “Niachie mimi.” Nilikusudia kumfurahisha. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwamba saa niliijua mimi peke yangu.

Asubuhi tulikwenda Trinity College kukiona Kitabu cha Kells, Injili nne zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama yapata mwaka 800. Aliinama juu ya kile kioo muda mrefu, na mimi nikawa namharakisha. Tukaingia baa ya Brazen Head, karibu na mto Liffey, ambayo hujitambulisha kuwa ilianza mwaka 1198. Nikanywa, yeye akaagiza soda. Kisha tukaenda St James's Gate, mahali ambapo Arthur Guinness alipanga kiwanda mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000, kwa kodi ya pauni 45 kwa mwaka.

Bia ya Guinness nimeinywa miaka mingi nyumbani, ya chupa. Ya bomba ni kitu kingine. Mhudumu huinamisha glasi, akaijaza mpaka robo tatu hivi, halafu akaiweka kaunta na kuiacha. Ndani yake mawimbi ya rangi ya kahawia hushuka kandokando ya kioo, yakazidi kuwa meusi kuanzia chini, na povu likajikusanya juu, zito kama mtindi. Ndipo huijaza tena. Ni kama dakika mbili kwa kila glasi, nami nilisimama nikizitazama zote, glasi baada ya glasi.

Ghorofa ya saba pale ni vioo mzunguko mzima, na mji wote unauona. Nilisimama upande wa magharibi, glasi mkononi, nikitazama kule liliko gereza. Ni kama kilomita 2 tu. Saa ilikuwa nane na dakika ishirini.

Tukashuka. Kwenye kona moja tukasikia muziki unatoka katika baa ndogo: fidla mbili, filimbi, na ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi inayofanana na dufu letu. Mama Neema akaniwekea mkono begani, akawa anatikisa kichwa kufuata mapigo. Saa tisa kasoro robo nikatazama simu. Teksi ingetufikisha. Nikaagiza nyingine. Sikusahau, na wala sikulewa kiasi cha kutojua nifanyalo. Nilijua, nikaagiza.

Saa tisa na nusu nikamwambia, “Mama Neema, nimejaribu tiketi za gereza. Zimejaa mpaka siku tutakayoondoka.”

Akanitazama kidogo. “Kosa langu, Baba Neema,” akasema. “Ningekukumbusha tangu tuko Dar.”

Nikanyamaza.

Jioni tulipita Grafton Street. Mwezi ule jua la huko huzama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo kulikuwa kungali kweupe. Akasimama mbele ya dirisha la sonara, akaanza kunisimulia. Katika mtaa ule, tarehe 3 Mei 1916, mchoraji mmoja aitwaye Grace Gifford alinunua pete. Mchumba wake, Joseph Plunkett, alikuwa mmoja wa viongozi wa uasi dhidi ya Waingereza, naye amekwisha hukumiwa kifo. Usiku ule walifungishwa ndoa katika kanisa dogo la gereza la Kilmainham, askari wakiwa wamewazunguka. Baadaye waliruhusiwa dakika kumi katika chumba chake, walinzi wakiwepo. Alfajiri Plunkett alipigwa risasi. Mwaka 1923 Grace naye alifungwa gerezani mle mle, akachora ukutani mwa chumba chake picha ya Bikira Maria na Mtoto.

“Nilitaka kukiona kile kikanisa nikiwa na wewe,” akasema. Alikuwa anaizungusha pete yake kidoleni, polepole, kama afanyavyo akiwa anawaza. Ningeweza kusema pale pale. Nilimshika mkono, nikamwambia tutarudi siku nyingine, na yeye akanishukuru.

Tangu hapo nimemsikia mara tatu akiwaeleza watu kwamba alifika Dublin asilione gereza kwa uzembe wake wa kutokata tiketi mapema. Mara ya mwisho alikuwa anamwambia binti yetu, kumfundisha kupanga mambo yake. Nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Jumapili iliyopita alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Nikamfungulia zile tiketi kwenye simu, sikuwahi kuzifuta, nikamweleza yote. Alisoma, akarudia kusoma.

“Saa tisa,” akasema. “Saa tisa tulikuwa wapi?”

“Kwenye muziki.”

“Nilikuwa nimekuwekea mkono begani.”

“Ndiyo.”

Akanirudishia simu, akavuta daftari lililofuata.