Shaka na Mvuke

Shaka ni neno lililosingiziwa mengi. Mtu mwenye shaka hudhaniwa kuwa hana imani na wenziwe, hana adabu kwa wazee, wala hana furaha moyoni mwake. Lakini, msomaji wangu, shaka ni za namna mbili. Iko shaka ya mvivu, ambayo hukataa kila jambo ili isisumbuke kulichunguza. Tena iko shaka ya fundi, ambayo haikubali jambo mpaka imelipima, na ikiisha kulipima na kuliona kweli, hulikubali bila ya kinyongo. Ya kwanza ni kutu. Ya pili ni tupa iondoayo kutu. Insha hii ni juu ya shaka ya pili: jinsi nilivyoipata katika nchi ya chai, na jinsi nilivyoiunganisha na mapenzi yangu ya mitambo ya mvuke.

Mimi ni mzaliwa wa Litein, mji ulio katika barabara itokayo Kericho kwenda Sotik. Hapo ukitazama kulia ni chai, na ukitazama kushoto ni chai. Baba yangu alikuwa mlinzi wa boila, yaani pipa kubwa la chuma lichemshalo maji, katika kiwanda kimoja cha chai. Jani la chai likiisha kuchumwa hunyaushwa kwa upepo saa nyingi, kisha hukatwakatwa na mashine, kisha huachwa hewani mpaka rangi yake ya kijani igeuke kuwa ya shaba. Wafanyakazi huiita hatua hiyo kuchachuka, ingawa si hamira ifanyayo kazi hapo, bali ni oksijeni ya hewani ikutanapo na utomvu wa jani. Mwisho majani hukaushwa kwa hewa ya moto, na hewa hiyo hupata joto lake kwa mvuke wa boila iliyolishwa kuni za mikaratusi.

Mbele ya boila palikuwa na geji, chombo cha duara chenye mshale mmoja uonyeshao nguvu ya mvuke. Na ubavuni palikuwa na bomba la kioo lionyeshalo kina cha maji. Maji yakipungua mno chuma huungua, na boila yaweza kupasuka na kuua watu. Kila zamu nilimwona baba akifungua bilula ndogo chini ya kile kioo, akamwaga maji yaliyomo, kisha akangoja kuona kama yatapanda tena. Siku moja nilimwuliza, "Baba, mbona unamwaga maji uliyokwisha kuyaona?"

Akanijibu, "Mwanangu, kioo kikiziba kitakuonyesha maji ya jana. Kipimo nacho hupimwa."

Sikupata darasani somo la sayansi lililozidi hilo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu siku ile kila nilipoona kitu kikielea nilitaka kujua kimeundwaje, na nilianza kusoma habari za mvuke na za watu waliodanganywa.

Niligundua kuwa habari hizo mbili ni ndugu wa tangu zamani. Katika karne ya kwanza aliishi mtu aitwaye Heron, katika mji wa Iskanderia, Misri. Aliandika juu ya milango ya hekalu iliyofunguka yenyewe moto ulipowashwa madhabahuni. Mtu aliyesimama nje angeona muujiza. Lakini Heron alieleza yaliyofichwa chini ya sakafu. Moto uliitia joto hewa iliyokuwa ndani ya chombo, hewa ikatanuka, ikayasukuma maji mpaka katika ndoo iliyoning'inia. Ndoo ikawa nzito, ikashuka, ikavuta kamba, na kamba zikazungusha mihimili ya milango. Mtambo ule ule ni ajabu kwa aliye nje, na ni elimu kwa aliyefunuliwa sakafu. Wala elimu haikuipunguza ajabu yake. Mimi huustaajabia zaidi tangu nilipoyajua yaliyo chini.

Mtu wa pili aliyenifundisha ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye alianza kazi London kwa kujalidi vitabu na akaja kuwa bingwa wa elimu ya umeme. Mwaka 1853 watu wengi wa Ulaya walikuwa wakikaa kuizunguka meza, mikono yao juu yake, na meza ikaenda huku na huku. Baadhi yao walisema ni mizimu, na wengine wakasema ni umeme. Faraday hakuwacheka. Alitwaa vibao viwili, akatia vigurudumu vya kioo katikati, akavifunga kwa mpira, akaweka na ubua mwembamba uwe mshale. Kama meza ndiyo ivutayo mikono, kibao cha chini kitatangulia. Kama mikono ndiyo isukumayo meza, kibao cha juu kitatangulia. Kilitangulia cha juu. Tena watu wale walipoutazama mshale na kuona wanavyosukuma, meza ilitulia. Hawakuwa waongo, msomaji. Mikono yao iliwadanganya wenyewe kwanza, nao walihitaji geji tu.

Sasa nikueleze juu ya utamaduni uitwao stimupanki. Jina hilo lilitungwa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, kwa mzaha, kuziita hadithi ambazo yeye na wenzake walikuwa wakiziandika juu ya zama za Malkia Victoria. Babu zake ni watunzi kama Jules Verne wa Ufaransa na H. G. Wells wa Uingereza. Wafuasi wake huwaza dunia ambayo haikuuacha mvuke: huvaa vizibao, kofia ndefu na miwani mikubwa ya shaba, na hutengeneza vyombo ambavyo magurudumu yake ya meno, mabomba na misumari huonekana wazi. Jirani wa karibu wa sanaa hiyo kwetu Kenya ni kazi ya Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ambaye hutengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya, vyuma na vitu vilivyotupwa, akavipa maisha ya pili.

Utaniuliza, mtu apendaye ukweli anatafuta nini katika nguo za kuwaza? Jibu langu ni hili. Vyombo vingi vya siku hizi ni masanduku yaliyofungwa: twabonyeza, vyatii, nasi hatujui kwa nini. Chombo cha stimupanki ni kama boila ya baba yangu. Matumbo yake yako nje, na mtoto aweza kufuata kwa kidole chake sababu mpaka matokeo. Nami napenda kila dai liletwe mbele yangu hivyo hivyo, matumbo nje.

Kwa hiyo nimejitengenezea miwani ya pete za kandili kuukuu, na kizibao chenye geji iliyotupwa kifuani. Nimeunda pia chombo cha Faraday kwa mbao mbili, penseli nne za mviringo, mpira wa ndani wa baiskeli na spoku moja kuwa mshale. Nikialikwa shuleni huvaa mavazi hayo. Vijana hucheka kwanza, na kicheko hufungua masikio yao. Kisha huweka mikono yao juu ya ubao, huutazama mshale, na hunyamaza.

Lakini shaka isiyogeuka kumtazama mwenyewe ni nusu ya shaka. Wapenzi wa mvuke husimulia kuwa James Watt alivumbua mashine ya mvuke utotoni alipoona kifuniko cha birika kikirushwa. Ni hadithi tamu. Lakini mashine ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu mwaka 1712, miaka 24 kabla ya Watt kuzaliwa. Watt aliiboresha sana, baada ya kupewa mfano mdogo wa mashine hiyo autengeneze katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Pia shaba ing'aayo isitupofushe tusione gharama yake. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliwaua vibarua wa Kihindi karibu 2,500. Na huku kwetu, serikali ya kikoloni iliyojisifu kwa elimu yake iliwaogopa waganga wa ukoo wa Talai, ambao Wakipsigis waliwaita orkoiik, hata ikatunga sheria mwaka 1934 na kuwahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wao na watoto wao.

Wazee wa Wanandi na Wakipsigis husimulia kuwa orkoiyot Kimnyole, aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma atoaye moshi. Mimi siicheki hadithi hiyo, wala siimezi. Nauliza: ilisimuliwa lini kwa mara ya kwanza, na nani, na maneno yake yalikuwa yapi kabla ya garimoshi kufika? Ni maswali yale yale niliyoliuliza birika la Watt. Haki ya shaka ni kumpimia mgeni na mwenyeji kwa pishi moja.

Usidhani, msomaji, kuwa haya ni mambo ya meza na mabirika tu. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye humwita baba mdogo, ana ugonjwa wa sukari na hujidunga insulini. Siku moja alinunua sokoni chupa ya dawa. Muuzaji alimwambia sindano hana haja nazo tena. Naye mwamba ngoma huvutia kwake. Nilipopata habari, mzee alikuwa ameacha sindano siku ya pili. Nilimwendea nikamwamkia kwa heshima, nikamwambia, "Baba mdogo, sikukatazi kitu. Naomba tupime tu." Alikuwa na kipimo chake cha damu na daftari la hesabu zake. Tukapima. Hesabu ilizidi zote zilizoandikwa katika daftari lile.

Mzee alikitazama kile kipimo kwa muda, kisha akasema, "Na kama hiki ndicho kibovu?"

Moyo wangu ulifurahi katika hofu yake na yangu, kwa maana hilo ndilo swali la fundi. Nikampeleka hospitali siku ile ile, wakampima kwa mashine nyingine, na mashine zikakubaliana. Mzee alirudia sindano zake kabla ya jua kuchwa. Hakuna aliyemshinda kwa hoja wala kumwaibisha. Alijishinda mwenyewe kwa kipimo.

Kwa hiyo, kijana usomaye, sikuombi uvae miwani ya shaba, ingawa ukiivaa nitafurahi. Nakuomba uwe na maswali matatu mfukoni: umejuaje? Tungeonaje kama si kweli? Na kipimo chenyewe kimepimwa na nani? Waulize wauzaji, waulize wakubwa kwa adabu, viulize vitabu, na insha hii pia. Kuuliza si ujinga. Jambo la kweli halitakukasirikia kwa kuliuliza; litakufungulia sakafu yake ushuke uone kamba na ndoo.