Daftari la Washambuliaji

Jioni moja hapa Mamba nilikaa pembeni ya uwanja na daftari langu, nipime washambuliaji wetu watatu kabla ya UMISSETA. Winga wa kulia: mbio anazo, krosi hana. Namba kumi: fundi kweli, ila akinyang'anywa mpira anasimama kama mtazamaji. Namba tisa nilimwandikia maneno mawili tu: "mvivu, mzito." Mazoezini anachelewa, na dakika ya ishirini keshashika kiuno.

Nikamwita. "We kijana, unataka kucheza au hutaki?"

"Nataka, ticha. Ila si ndo tunavuna mpunga? Tangu alfajiri niko shambani na mama."

Nikakosa la kujibu. Hapa bonde la Rukwa mpunga hauisubiri ratiba ya michezo, na mchele huohuo mimi naula kila siku.

Aliporudi uwanjani alipokea pasi akiwa amelipa goli mgongo, akageuka, akafunga. Miguu imechoka, akili haijachoka.

Nikayafuta yale maneno mawili, nikaandika: "Ataanza yeye." Chini yake, kwenye mstari wa kocha, nikaandika: "Mvivu wa kuuliza."